Duka Lisilo na Kibao: Mikeka, Miswala na Kawa za Msukaji wa Mji wa Kale

Mtu akitoka Ngome ya Yesu mjini Mombasa, akaifuata Ndia Kuu bila haraka na kuyapita maduka ya vinyago na ya viungo, atafika mahali ambapo kichochoro kimoja kinajipinda kuelekea baharini, chembamba kiasi kwamba watu wawili waliobeba vikapu hulazimika kupishana kwa ubavu. Humo ndani kuna nyumba ya ghorofa moja ambayo daka lake limetandikwa jamvi kuukuu, na kwenye komeo la mlango imetundikwa kawa moja, kile kifuniko cha chakula kilichosukwa, nyekundu na nyeusi. Hakuna kibao, hakuna jina, hakuna orodha ya bei. Kawa hiyo ndiyo tangazo pekee: ikiwapo, msukaji yupo na anapokea wateja, ikiondolewa, amekwenda sokoni, amekwenda msibani au amepumzika. Nimekwenda pale mara saba katika muda wa miezi miwili na nusu, nimeagiza vitu vinne na kuvilipia vyote kwa fedha yangu mwenyewe, na haya ninayoyaandika ni maoni ya mteja aliyeridhika sana, ingawa si kwa kila jambo.

Nieleze kwanza kilichonifikisha huko. Mwaka uliotangulia nilinunua mkeka katika duka moja kubwa ambalo sitalitaja, nikahakikishiwa kwa viapo kwamba umesukwa kwa mkono na wanawake wa pwani. Haikupita miezi mitatu rangi ikaanza kubanduka kama gamba la nyoka, na nilipoufumua upindo ili niushone upya nikakuta ndani yake nyuzi za plastiki zilizobanwa kwa mashine. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba wanawake wa pwani walitajwa ili kuuzia kitu ambacho mikono yao haikukigusa. Basi mdogo wangu alipoposwa, na mama akasema kwamba nyumba ya bibi harusi haitandikwi plastiki, niliwauliza majirani mmoja mmoja hadi nikaelekezwa kwenye kawa nyekundu na nyeusi.

Siku ya kwanza nilipiga hodi, nikakaribishwa kutoka ndani, nikamwamkia shikamoo naye akaniita mwanangu kabla hajajua nimefuata nini. Nilidhani tungeanza na bei. Aliniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na muuzaji wa mikeka: sebule ya bibi harusi inapata jua kutoka upande gani, mapazia ni ya rangi gani, wageni wataketi chini au kutakuwa na viti, na mswala ninaoutaka ni wa mtu mwenye magoti mazima au mwenye magoti yanayouma. Swali hili la mwisho lilinishangaza. Akanieleza kwamba mama yangu, kwa kuwa magoti yanamsumbua, afaa asukiwe mswala wa ukili mwembamba, yaani ule ukanda wa majani yaliyosukwa, ulioshonwa kwa kubanana, kwa sababu wingi wa mishono hufanya mswala uwe mnene na mwororo kidogo, ilhali ukili mpana hulala bapa na kumwachia mtu ugumu wa sakafu. Nimenunua miswala maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo.

Tulikubaliana hivi: mkeka wa sebuleni wa dhiraa sita kwa nne kwa shilingi 6,500, mswala kwa shilingi 1,800, kikapu cha sokoni kwa shilingi 1,400 na kawa ya kufunikia chakula kwa shilingi 900. Nusu ya fedha, shilingi 5,300, niliilipa papo hapo kwa M-Pesa, na yeye akaandika kila kitu katika daftari la shule lenye jalada la buluu, jina langu, vipimo, rangi na siku ya kuchukua, huku akinong'ona ile methali ya mali bila daftari. Alinipa muda wa wiki tano.

Tangu hapo nilirudi mara kwa mara, wakati mwingine bila sababu ya msingi, kwa maana nilianza kuona kwamba kumtazama mama huyu akifanya kazi kunamfundisha mteja kukijua kile anachokinunua. Siku yake huanza baada ya sala ya alfajiri, adhana ya Msikiti wa Mandhry, uliosimama mtaani humo tangu mwaka 1570, ikiwa imekwisha na vichochoro vingali baridi. Hiyo ndiyo saa ya kuchana. Majani yakiwa makavu hupasuka ovyo, na unyevunyevu wa alfajiri huyalegeza. Kwa hiyo huketi juu ya kibao kifupi, akauondoa uti wa jani, kisha akalichana kwa ncha ya sindano hadi akapata chane nyembamba za upana mmoja. Hatumii rula. Ukucha wa kidole gumba chake cha kushoto umefanya mfereji mdogo kutokana na miaka ya kazi hiyo, na kila chane huivuta humo: ikikwama ni pana, huchanwa tena, ikipita bila kugusa kingo ni nyembamba mno, na hiyo huiweka kando iwe uzi wa kushonea. Hakuna kinachotupwa isipokuwa uti, na hata uti huufunga mafungu akawapa majirani wawashie majiko.

Majani huletwa na wanawake kutoka Kwale wanaovuka kwa feri ya Likoni wakiwa na matita yao. Ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, huenda kwenye miswala na kawa kwa sababu ni laini na hukubali kupindwa. Miyaa ya mkoma, iliyo ngumu zaidi, huenda kwenye vikapu na mikeka ya kukanyagwa na watu wengi. Mteja anayetaka kikapu cha ukindu atashauriwa kwa upole asikitake. Mimi nilishauriwa, nikasikia.

Rangi huchemshwa uani siku mbili za wiki, katika sufuria tatu ambazo hazipikiwi kitu kingine chochote. Mama huyu alijifunza usukaji kwa mamake katika kisiwa cha Pate, ambako, kwa maelezo yake, weusi ulipatikana kwa kuchemsha mizizi ya mdaa na umanjano kwa bizari. Siku hizi hutumia rangi za unga zinazouzwa kwa kipimo cha kijiko, lakini hazitumii jinsi zilivyo. Nyekundu ya dukani huiona kali mno, kwa hiyo huitilia kijiko kidogo cha nyeusi mpaka ifanane na ngozi ya komamanga lililokauka; rangi ya machungwa aliyoitumia pembezoni mwa mkeka wangu aliitafuta kwa majaribio mengi, akitaka ipatikane rangi ya ukuta wa ngome jua linapokaribia kuzama. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na sisi tuliozaliwa Mombasa tumeipita mara nyingi kiasi kwamba hatuitazami tena. Baada ya kuuona mkeka wangu nilikwenda makusudi saa kumi na mbili kasorobo za jioni nikasimama mbele ya ukuta huo. Rangi ndiyo hiyohiyo.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe vizuri, kwa sababu watu wengi humwita mtu wa kazi hii fundi wakadhani wamemaliza. Ni fundi kweli, lakini kazi anayoifanya kabla ya kusuka, ya kuangalia na kuchagua na kukataa, ni kazi ya msanii, na ndiyo inayoitofautisha mikeka yake na mingine niliyoiona mjini. Ili kuithamini inafaa kujua jinsi ukili unavyosukwa. Ukili ni ukanda, na chane zake hazinyooki kuufuata urefu wala hazikatizi upana, husukwa kimshazari. Kila chane huanzia ukingo mmoja, ikavuka upande wa pili kwa mshazari, ikajikunja na kurudi, hivyo hivyo mpaka mwisho wake. Maana yake ni kwamba rangi haiwezi kuwekwa mahali popote apendapo mtu. Chane moja nyeusi ikishaingizwa kati ya nyeupe, itakwenda na kurudi kama wimbi hadi iishe. Ukiziingiza mbili, moja kutoka kila ukingo, zitakutana katikati, zipishane, ziachane, na ukili wote utajaa macho yaliyopangana. Ruwaza zote, hata zile zinazoonekana kuwa ngumu kupindukia, hutoka katika swali moja tu: chane ipi ya rangi ianze wapi, na iandamane na ipi. Uamuzi huo hufanywa mwanzoni kabisa, kabla ya shibiri ya kwanza, na ukikosewa hakuna namna ya kuurekebisha mbele ya safari.

Sasa mtu mwenye mipaka kama hiyo atapata wapi fikira mpya? Nilimuuliza, naye akanyanyuka akaniambia, "Hebu ndoo uone." Kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, uliopakwa chokaa, amepachika kwa misumari midogo vipande vya ukili, kila kimoja cha urefu wa shibiri moja hivi, vingi visivyouzwa na ambavyo havitauzwa. Hicho ndicho kitabu chake cha michoro. Kipande kimoja kilitokana na ngozi ya changu aliyemnunua kwenye soko la samaki la Bandari ya Kale. Kabla ya kumpaa alimlaza juu ya jamvi, akaihesabu mistari, akasuka. Kingine alikitoa kwenye mfaa wa mlango wa nakshi wa jirani, ile nguzo ya katikati yenye miraba iliyofuatana kutoka juu hadi chini. Kingine ni kivuli cha mashua kwenye maji yaliyotulia, ambacho mimi nisingekitambua bila kuelezwa, lakini nilipoelezwa sikuweza tena kukiona kuwa kitu kingine. Kando yake pametundikwa leso, yaani kanga, tano au sita kuukuu, mojawapo ikiwa na yale maandishi ya Mali ya Abdulla yanayotambulisha leso za nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Biashara Street, iliyoanza biashara mwaka 1887. Leso hizo hazivai. Huzitazama pindo zake, kwa sababu leso na mkeka ni ndugu, kila kimoja kina mji wake wa katikati na pindo zinazouzunguka, na aliyeipanga leso na anayeupanga mkeka wanasumbuliwa na jambo moja, namna ya kuigeuza pembe bila ya kuikata ruwaza.

Niliona hilo kwa macho yangu siku ya ziara yangu ya tatu. Alikuwa akisuka ukili wa mswala wa mama yangu, wa chane kumi na tano, nao ulikuwa umefikia karibu pima nne na kukunjwa kama bangili kubwa juu ya paja lake. Alikuwa akizungumza nami juu ya bei ya samaki, macho yake yakiwa kwangu, vidole vikienda vyenyewe. Ghafla vilisita. Hakuangalia chini mara moja. Aliurudisha mkono nyuma, akaupapasa ukili kwa kidole cha shahada kama mtu atafutaye mwiba, kisha akasema kuna chane iliyopita juu ya mbili badala ya moja. Nilitazama nisione kitu. Alinionyesha, na kwa hakika palikuwa na kosa, dogo kama punje ya mtama, upande ambao ungelala chini na ambao hakuna mtu angeuona. Nikamwambia, mama, hilo ni la kuachwa. Akanijibu, "Mwanangu, nikiuwata hivi, kila atakayeketi juu yake ataniona mimi." Akafumua nusu pima, kazi ya karibu saa nzima, bila kununa, akalowesha tena chane kwa kitambaa kibichi na kuanza upya.

Baada ya al-asiri daka lile hubadilika kuwa baraza. Huja wanawake wanne au watano wa mtaa, kila mmoja na ukili wake mkobani, kahawa chungu ikaletwa, na kazi huendelea pamoja na habari za mji. Wengine humsukia yeye kwa malipo ya kila pima, maana mkeka mkubwa kama wangu humla mtu mmoja muda mrefu mno. Ruwaza na mshono hubaki mikononi mwake. Alinieleza hili waziwazi kabla sijauliza, akanionyesha ni sehemu zipi za mkeka wangu zilisukwa na nani. Nimeona wauzaji wengi wa kazi za mikono wakilificha jambo kama hilo, nami niliuthamini ukweli wake kuliko ambavyo ningeuthamini mkeka uliosukwa na mtu mmoja kwa madai matupu. Jua likizama rangi haziguswi tena, kwa kuwa chini ya taa ya umeme nyeusi na buluu hufanana, na aliwahi kulipia kosa hilo kwa kufumua kazi ya siku mbili.

Nije kwenye vitu vyenyewe. Mkeka wa sebuleni ni mzuri kupita nilivyotarajia. Kili zake zimeshonwa ukingo kwa ukingo kwa nyuzi za jani lenyewe, na mishono imelala ndani ya mikunjo kiasi kwamba mtu akipitisha ukucha kutoka ukili mmoja hadi mwingine hausikii ukikwama. Nilifanya majaribio yote niliyofundishwa na yeye mwenyewe, na ninayaeleza hapa kwa faida ya yeyote anayenunua mkeka popote pale. Uinue mkeka mbele ya dirisha: ukiona vitundu vya mwanga mwingi kati ya ukili na ukili, mshono ni wa haraka. Ugeuze nyuma: mkeka wa mkono una ruwaza pande zote mbili, ya nyuma ikiwa dhaifu kidogo tu, na utaona ncha za chane mahali zilipoungwa. Usugue sehemu yenye rangi kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Mwisho unusie, kwa kuwa miyaa iliyokaushwa vizuri ina harufu ya nyasi kavu, na iliyofungiwa kabla ya kukauka ina harufu ya chumba kilichofungwa. Wangu ulishinda majaribio yote. Siku ya harusi wazee waliketi juu yake kuanzia adhuhuri hadi usiku, na bibi mmoja kutoka upande wa bwana harusi aliinua pembe yake akaitazama nyuma, kisha akauliza umetoka wapi. Nilimwelekeza.

Mswala wa mama ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote. Ni mweupe wa ukindu mtupu, una upindo mmoja mwembamba wa rangi ya komamanga na macho madogo meusi upande wa kichwani tu, ili anayesali ajue mwelekeo bila ya kupotezwa na mapambo mbele ya macho yake. Nilipendekeza pambo zaidi, akakataa kwa adabu, na sasa naona alikuwa na haki. Mama yangu hasemi sana, lakini mswala wa zamani ameukunja na kuuweka juu ya kabati.

Kawa nayo ni kazi safi. Imesimama wima kama pia iliyogeuzwa, ukili wake ukizunguka kutoka kileleni hadi ukingoni bila kiungo kinachoonekana, na inafunika sinia ya mahamri kumi na mawili bila kuyagusa. Hupitisha hewa, kwa hiyo mahamri hayatoi jasho kama yanavyofanya chini ya kifuniko cha bati.

Kikapu ndicho kilichoniletea matatizo. Nilikichukua wiki moja kabla ya vitu vingine, nikaenda nacho soko la Marikiti, nikapigwa na mvua ya masika njiani, na niliporudi nyumbani wekundu ulikuwa umechuruzika ukaitia doa leso yangu nyeupe. Doa halijatoka hadi leo. Nilikirudisha nikiwa na hasira. Aliitazama leso kwanza, akaniomba radhi, kisha akaeleza kwamba fungu lile la miyaa lilitolewa kwenye sufuria na kusuuzwa maji mara moja tu badala ya mara tatu, kwa kuwa wiki hiyo mvua haikuachia nafasi ya kuanika. Hakumtupia lawama msaidizi wake, ingawa ndiye aliyesuuza. Alinisukia kingine bila malipo, nami nilikiloweka ndani ya beseni usiku kucha kabla ya kukitumia. Maji yalibaki meupe. Vipini vya ngozi, ambavyo hushonwa na fundi mwingine wa viatu, ni dhaifu kwa kikapu cha ukubwa ule, na kimoja kilianza kufumuka baada ya kubeba viazi kilo tano. Nilimwambia. Akasema atamtaka fundi huyo ashone mishono miwili badala ya mmoja, na kwenye vikapu nilivyoviona mara ya mwisho tayari ilikuwa hivyo.

Kuchelewa pia kulikuwapo. Wiki tano zilikuwa wiki sita na siku tatu, na kwa mtu mwenye harusi siku kumi ni nyingi. Sababu ilikuwa ileile ya masika: majani hayakauki, rangi haishiki, na ukili uliosukwa ukiwa na maji hunyauka baadaye ukaacha nafasi. Naielewa sababu hiyo, na nisingependa aniletee mkeka uliosukwa kwa maji ili kutimiza ahadi. Hata hivyo angenijulisha mapema. Hupokea simu lakini hapigi, na mteja asiyefuatilia anaweza kukaa gizani. Anayetaka kitu kwa siku maalumu aagize wakati wa kaskazi, miezi ya Desemba hadi Machi, jua likiwa la kutosha, na aongeze wiki mbili juu ya muda atakaopewa.

Kuhusu bei, nimesikia watu wakisema ni ghali, wakilinganisha na mikeka ya plastiki inayouzwa kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Nilihesabu pamoja naye, daftari likiwa wazi baina yetu. Katika zile shilingi 6,500 zilitoka fedha za majani, za nauli, za rangi, za makaa na za wanawake watatu waliosuka kwa pima, na kilichobaki kwake kwa ruwaza, mshono, upindo na majuma yale yote kilikuwa chini ya nilivyodhani, kiasi kwamba niliona haya kwa kuwa siku ya kwanza nilikuwa nimejaribu kumshusha. Sishauri mtu ashindane naye bei. Biashara ya vikapu, kwa maneno yake, ilipata uhai baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na wateja wake wengi wa sasa walianza na kikapu cha soko, kisha wakarudi kwa mkeka.

Anayekwenda asubuhi atapata nafasi ya kuzungumza. Anayekwenda baada ya al-asiri atapata kahawa lakini atasubiri. Avue viatu dakani. Asipige picha ule ukuta wa vipande bila ruhusa, maana ruwaza zake zimewahi kuigwa na wengine. Aende na kipimo cha chumba, na akiweza, aende na kitu chenye rangi anayoipenda, hata kama ni kipande cha kitambaa.

Mimi mara ya mwisho nilikwenda na leso ya marehemu bibi yangu, yenye korosho kubwa kwenye pindo, nikamuuliza kama korosho hiyo inaweza kusukwa kwenye kikapu. Aliikunjua juu ya magoti yake, akanyamaza muda mrefu. Korosho ina shingo iliyopinda, na ukili, kwa jinsi nilivyoeleza, haujui kupinda. Unajua mshazari tu. Nilimwambia kama haiwezekani tutachagua kitu kingine, au aishone korosho juu ya ukili kwa uzi kama wafanyavyo wengine. Alitikisa kichwa kwa hilo la pili. Akaniomba nimwachie leso kwa wiki moja. Niliporudi Alhamisi iliyofuata, ukutani palikuwa na vipande vitatu vipya vya shibiri moja moja. Cha kwanza kilikuwa ngazi tupu. Cha pili kilikuwa kimevimba katikati na kuanza kufanana na tunda. Cha tatu alikuwa bado amekishika, chane zake zikining'inia, kinafanana na korosho kabisa mtu akisimama mbali kidogo, nami nikashangilia nikasema hiki hiki. Akakigeuza kwenye mwanga, akakiangalia kwa jicho moja.

"Bado haijapinda shingo," akasema, akaanza kukifumua.